Miche ya Serikali, Shamba la Shangazi

Nasikia mradi umerudi. Nimeziona fulana zenu mpya zikipita juu ya bodaboda, mgongoni zimeandikwa mambo ya kutunza ardhi, na nyinyi ndani yake mmeumuka kama mkate wa kumimina. Vizuri. Kazi ni kazi. Lakini kabla hamjajaza kiriba cha kwanza, kile kifuko cha nailoni cha kuoteshea mche, nisikilizeni mimi Zuhura, niliyekaa katika kitalu kile tangu kina paa la makuti mpaka kikafunikwa neti nyeusi, kisha nikang'olewa kama gugu. Majina sitaficha. Walioning'oa ni wawili: Festo, aliyekuwa mratibu wa mradi, na Shomari, mwenyekiti wetu wa kitongoji hapa Kwamdimu. Wote wawili wazima wa afya. Wakitaka kunijibu, nyumbani kwangu wanapajua.

Shule niliishia darasa la nne. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe, mna mikono.

Tuanze na kazi, maana ndiyo iliyowaleta. Watawaambia udongo wa kiriba ni wa msituni, samadi na mchanga, na watawapa vipimo. Vipimo vishikeni, lakini udongo wenyewe uchukueni kiganjani, muufinye, muuachie. Ukibaki donge kama tonge la ugali, maji yatatuama na mche utaoza. Ukimwagika wote kama pumba, mche utakufa kwa kiu. Unaopasuka vipande viwili vitatu, huo ndio. Mbegu ya korosho itumbukizeni kwenye ndoo ya maji. Inayozama pandeni. Inayoelea haina kitu ndani, hata iwe kubwa na ya kung'aa namna gani. Baadaye nilikuja kufanya kazi chini ya watu wa namna hiyo.

Hilo la ndoo sikufundishwa na mradi. Nilifundishwa na shangazi yangu, Bi. Mwanaidi, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Shangazi ndiye aliyenifundisha pia kuuzoesha mche jua. Unapunguza kivuli kidogo kidogo, leo kuti moja, wiki ijayo jingine. Mche uliodekezwa kivulini mpaka mwisho, ukifika shambani unasinyaa jua la kwanza tu. Shangazi alikuwa akisema, "Mwache aungue kidogo hapa kwetu, asije akaungulia kwa watu." Alikuwa akiusemea mche, lakini macho alikuwa ananitazama mimi.

Shamba lake liko kwenye mteremko, upande wa kuelekea bondeni. Ni la babu, baba yake yeye. Babu alipanda minazi pale, lakini ule ugonjwa uliokata vichwa vya minazi ukaimaliza yote, visiki vikaoza, vikaliwa na mchwa. Ikabaki mihogo na mananasi. Shikeni hilo la minazi, tutarudi.

Sasa nyinyi mnajua mananasi ya kwetu tulivyokuwa tukiyapanda. Mistari inatoka juu inashuka chini, kama mtu anayechana nywele. Mabwana shamba wakawa wanatucheka, wanasema tunayafungulia maji njia yabebe udongo. Kweli yalikuwa yanabeba. Lakini hawakuwahi kujitwika tenga la mananasi kichwani wakavuka mistari iliyolala, yale majani yakawachana miguu kama msumeno. Mstari wa kushuka ni njia ya mchukuzi. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipima makinga maji na mistari ya kulala, mizuri, imeukingama mlima, nikasifiwa. Wakati wa kuvuna ukafika. Wanawake wakasimama katikati ya shamba na matenga vichwani hawana pa kutokea.

"Zuhura!" mmoja akapiga kelele. "Umetulimia au umetujengea boma?"

"Mwite atubebe mgongoni," mwingine akasema, "maana ndiye aliyetufunga!"

Tangu siku hiyo kila mstari nauachia mwanya wa kupita, na mwanya wa mstari wa chini siuweki usawa na wa juu, nausogeza pembeni. Mtu anapita kama nyoka, maji hayapati mbio. Fanyeni hivyo. Msipofanya, matusi mtakayopewa hayamo katika semina.

Msaada wenyewe ulikuwa hivi. Serikali ilisema mkulima wa kwenye mteremko akikubali kuchimba makinga maji na kupanda miti, anapewa miche bure, jembe, na mbolea ya mananasi. Anayekataa hapewi kitu, na jina lake linawekwa kando hata msaada mwingine ukija. Na mwenye kusema nani amekubali, nani amekataa, ni Shomari. Hapo ndipo uchawi wote ulipolala.

Tukagawa mikorosho, ile ya kubebesha, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mzazi, isiyokawia kuzaa. Baada ya masika Festo akaenda kukagua. Mashamba mengine miche imesimama, mengine imekufa yote, mpaka wa mwisho. Akanijia kitalini amefura.

"Mama Zuhura, miche yako mibovu."

"Miche yangu? Mbona kwa fulani imeota?"

"Basi hawa watu wavivu hawamwagilii. Nenda kaangalie ni nani anayeiua."

Nikaenda. Nikaanza na Mzee Mbwana, maana kwake hakukuwa na mmoja uliopona. Mzee Mbwana kipande alichokuwa akilima si chake, aliazimwa na ukoo wa Shomari zamani, analima mihogo tu. Nikamkuta anapalilia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuzika?"

"Kuzika nani?"

"Miche yako. Ilikufa."

Nikafukua mmoja. Kiriba kipo. Lile nailoni liko vilevile kama nilivyolifunga mimi, mizizi imejizungusha mle ndani kama tambi. Nikafukua wa pili, hivyohivyo.

"Babu, hukutoa kiriba!"

"Ah." Akaegemea jembe. "Kumbe kinatolewa?"

"Babu, si nilikuonyesha kwa mkono wangu?"

"Zuhura, mwanangu, nimeambiwa nipande, nimepanda. Ningekataa ningenyimwa mbolea. Sikuahidi kwamba itaota."

Nikacheka mpaka nikakaa chini, kwa sababu nikaelewa. Mimi ni mtoto wa hapa, ningetakiwa nielewe tangu mwanzo. Kwetu shamba la kuazima halipandwi mti. Unapanda mihogo, kunde, nanasi, kitu cha kuja na kwenda. Ukipanda mti umesema, "Nimefika, siondoki." Mwenye shamba akiukuta unaota, hapo uazimaji umeisha na ugomvi umezaliwa. Mzee Mbwana alikuwa na midomo miwili ya kuiridhisha, serikali inayotaka mti na mwenye shamba asiyeutaka, akapata mti wa kuridhisha yote: mti uliopandwa usioota.

Nikarudi nikamweleza Festo. Nilimweleza kwa nia njema, ili tuache kuwapa miche watu wa kuazima, tuwape majani ya vetiva ya kuzuia udongo, maana nyasi hazina ugomvi na mtu. Festo alicheka na yeye. Akaniuliza, "Kwa hiyo hapa kwenu mti ndiyo hati?" Nikamwambia, "Kwa watu wazima, ndiyo." Akatikisa kichwa taratibu, akaingia garini.

Kuna wanaonisema mpaka leo kwamba mimi ndiye niliyewafumbua macho. Nilisema, ndiyo. Na ningesema tena, maana nilikuwa naokoa miche. Mgeni ukimwonyesha mlango apite, akaja usiku kuuvunja, mwizi ni yeye. Mimi huo mzigo siubebi. Wamtwike mwenyewe.

Msimu uliofuata shangazi alikuwa Bagamoyo mjini, Dunda, kwa mwanawe, anatibiwa miguu. Shomari akaitisha ujima. Akasema serikali inataka shamba la mfano, wageni watakuja kuliona, na Bi. Mwanaidi ameridhia litumike la kwake. Mimi nilifurahi. Nikasema alhamdulillah, udongo wa babu utapona. Tukaenda karibu kijiji kizima. Tukachimba makinga maji, tukapanda vetiva, tukapanda mikorosho mistari mizuri kweli. Niliwapitia watu mmoja mmoja, toa kiriba, usivunje donge, kanyaga kidogo. Festo alikuwa juu barabarani anapiga picha. Shomari alikuwa amesimama na mwavuli, ananyoosha kidole: pale, na pale, na pale. Jembe hakushika. Vijana, lishikeni hilo pia.

Mikorosho ikakua. Ikatoa maua. Shangazi akarudi na fimbo, miguu bado mizito lakini inakwenda. Siku ya kwanza anaingia shambani kwake kuokota korosho zake, akamkuta mpwa wa Shomari na gunia.

"Bibi, hapa pana wenyewe."

"Wenyewe nani, mjukuu wangu? Si mimi?"

"Mjomba amesema mti una mwenyewe na shamba lina mwenyewe."

Nikaenda kwa Shomari mimi. Nikamkuta barazani kwake, na kahawa.

"Mwenyekiti, kuna mtoto anamfukuza shangazi yangu."

"Zuhura, kaa unywe kahawa. Shangazi yako aliazimwa pale. Marehemu baba yangu alimwazima marehemu babu yako. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Mwazimwa gani anayepanda minazi?"

"Minazi gani?" Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetafuta mbuzi. "Mimi siioni minazi. Naona mikorosho. Na mikorosho imepandwa chini ya usimamizi wangu. Mwenye mti ndiye mwenye shamba. Hiyo si mila yetu? Au umesahau kwa kukaa na mabwana shamba?"

Mila yetu wenyewe, vijana, ikageuzwa mpini wa shoka la kutukatia. Na baadaye ikajulikana kwamba kile kipande cha juu, kinachopakana na barabara, kilishakuwa cha Festo. Shamba la kustaafia, ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu.

Nikamwambia shangazi, kesho tunaenda kuokota. Tukaenda mchana kweupe, na kanga zetu, na kikapu. Mgambo wakaja. Shangazi wakamwacha kwa sababu ya miguu, mimi nikalala mahabusu kwa wizi wa korosho zilizodondoka kwenye ardhi ya babu yangu. Festo akaja kunitembelea. Alikuja na chapati.

"Mama Zuhura, wewe ni mtu muhimu kwa mradi. Nyamazia hili. Nitakufanya msimamizi wa vitalu vyote, mpaka vya kule njia ya Chalinze."

"Na shangazi yangu utamfanya nani?"

"Mzee yule, atakaa na mwanawe mjini. Shamba la nini tena?"

Nikamwambia chapati ampe mgambo, mimi nimefunga. Sikuwa nimefunga.

Waliponiachia tukapeleka shauri, basi baraza la ardhi likaja kukaa ofisi ya kijiji. Watu walijaa mpaka madirishani. Aliyeongoza baraza alikuwa mama mmoja mtaratibu, si wa kwetu. Shomari akaeleza maneno yake, kwamba baba yake alimwazima babu yangu, kwamba mwazimwa hapandi mti, na kwamba mti uliopo ni wake. Akayapanga vizuri, sikatai. Shangazi akaulizwa ana shahidi gani wa minazi ya babu. Akasema, "Walioijua wamelala makaburini. Na minazi yenyewe imewafuata." Akakaa. Nikaona tumekwisha.

Nikaomba kusimama.

"Mheshimiwa, mimi nina swali kwa mwenyekiti. Mti unampa haki aliyeupanda, au aliyesimama akitazama?"

"Aliyeupanda!" Shomari akajibu mbio, maana aliliona swali ni la kumsaidia. "Aliyeupanda, ndiyo mila."

"Ahsante. Basi naomba waliopanda ile mikorosho wasimame."

Hakusimama mtu. Niliwaona wanatazama miguu yao, na sikuwalaumu. Kila mmoja mle alikuwa anajua mbolea inapitia mkono wa nani, na jembe, na miche. Kusimama ilikuwa kujifuta mwenyewe kwenye msaada wa serikali, wewe na watoto wako. Shomari akaanza kutabasamu.

Nyuma kabisa fimbo ikagonga sakafu. Mzee Mbwana. Naye, kumbukeni, alikuwa akilima ardhi ya ukoo wa Shomari, hana nyingine.

"Mimi nilipanda mmoja," akasema. "Ule wa pembeni, karibu na kichuguu."

Watu wakaangua kicheko. "Mzee Mbwana! Miti yako tangu lini ikaota?"

"Ule nilitoa kiriba."

Wallahi nyumba ilitikisika. Hata yule mama wa baraza alicheka, ijapokuwa hakujua anachekea nini. Mzee Mbwana akangoja kicheko kiishe, akaendelea, "Nilitoa kwa sababu najua shamba lile ni la nani. Singepanda mti wa kuota kwenye shamba la watu wenye ugomvi. Nilipanda kwa Mwanaidi, binti wa mwenye minazi. Na mti wangu ule, kama ni wangu, nampa yeye, hiba, mbele yenu."

Shomari akasimama. "Mzee, wewe unajua unalima wapi?"

"Najua, mwanangu. Nitang'oa mihogo yangu Ijumaa."

Hapo ndipo pakapasuka. Mwanamke mmoja akasimama, yule aliyenitukana habari ya boma: "Mimi nilipanda mitano, mstari wa kwanza. Nampa Bi. Mwanaidi." Mwingine: "Mimi minne, na mtoto mgongoni. Nampa." "Mimi miwili. Mmoja ulikufa, lakini nao nampa." Wakasimama benchi kwa benchi. Hata mpwa wa Shomari, yule wa gunia, alikuwa amepanda. Hakusema, lakini alisimama.

Yule mama wa baraza akamgeukia Shomari, akamuuliza kwa upole kabisa, "Na wewe mwenyekiti, wako ni upi?"

Sauti kutoka dirishani ikajibu kabla yake: "Wake ni mwavuli!"

Shamba lilibaki la shangazi, na kile kipande cha Festo cha barabarani kikarudi pamoja nalo. Msidhani dunia ilinyooka. Festo alihamishwa tu, nasikia huko aliko ana mradi mkubwa zaidi. Shomari bado mwenyekiti, na ndiye atakayewapokea nyinyi na kuwaambia nani mkulima mzuri. Mimi nilitolewa kitalini kabla ya mvua za vuli, nikaambiwa umri umekwenda, wanataka vijana wenye nguvu. Waliosimama siku ile walikosa mbolea misimu miwili mfululizo. Hakuna aliyeniambia anajuta. Na mistari yao imelala na mlima, na mianya ya kupita wameiacha, bila mradi.

Mwaka jana nilikutana na Shomari njiani. Akanitazama toka kichwani mpaka ndala. "Zuhura, bado upo?"

"Nipo, Mwenyekiti. Mimi nilizoeshwa jua."

Sasa nyinyi na fulana zenu. Msaada wa serikali si mbaya. Mwambieni mtu yeyote kwamba Zuhura amesema udongo wa mteremko ule ulipona, na makinga maji yaliuponya. Wakileta miche pokeeni. Lakini kabla hamjapanda ulizeni shamba ni la nani, mumuulize mwenyewe, kwa mdomo wake, hata kama yuko mjini anatibiwa miguu. Na mkiona mtu amesimama na mwavuli ananyoosha kidole, mpeni jembe. Akilikataa, limeni lakini mkumbuke sura.

Mzee Mbwana aling'oa mihogo yake Ijumaa ile kama alivyosema. Jumamosi shangazi alimwita, akamwonyesha pembe ya chini ya shamba, ile yenye unyevu. Akasema alime pale. Mzee akashukuru, akauliza ataruhusiwa mihogo tu au na kunde. Shangazi akaniashiria, nikaleta mche wa mkorosho niliokuwa nimeuotesha nyumbani kwenye kopo la maziwa, maana viriba vya mradi nilishanyimwa. Akampa.

Mzee Mbwana aliushika ule mche kwa mikono miwili, akautazama, akamtazama shangazi. Mtu mzima yule, miaka yote alikuwa analima kwa watu.

"Mwanaidi," akasema polepole, "nitoe kopo?"

"Toa, Mbwana."

Mkipita bondeni mtauona, umesimama peke yake karibu na maji, umepita kimo cha nyumba. Mkija kukagua, msiuhesabu kwenye miti ya mradi. Ule una mwenyewe.